Sanduku la Dirishani na Kadi ya Moraa

Vijana wa dirishani, mwezi uliopita, nilipostaafu kazi ya hospitali, mliniaga kwa chai na mkate, mkanipa saa ya ukutani, ingawa saa ninayo. Asanteni. Mimi nawaachia maandishi haya. Sanduku mnalo tayari.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja kimoja kimoja, vikakaa kwenye barua, na barua zimo ndani ya kasha la mke wangu. Mshahara nao ulikuwa mshahara. Nitaeleza kazi yenyewe, jinsi habari za mgonjwa zinavyotembea kati ya stoo ya juu na dirisha la chini, na jinsi kadi moja ya mama mmoja anayeitwa Moraa ilivyokaribia kumuua, na nani alibeba kosa hilo. Najua mtasema hadithi hiyo mlishaisikia. Mliisikia vibaya, kwa sababu mliisikia kutoka kwangu.

Nilisoma hadi darasa la nne nikatosheka. Kuanzia Keumbu mpaka Nyansiongo hakuna mtu aliyejua kupanga karatasi kunishinda, na waliosoma zaidi yangu walikuja kuniuliza wakiwa wamesimama. Ujuzi huo sikuupata shuleni. Niliupata jikoni kwa mzungu mmoja wa ng'ombe huko Nyansiongo, kabla ya Uhuru, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na mke. Nilichanja kuni. Mpishi alikuwa Mzee Nyangau, mtu mfupi asiyecheka, na ndiye mwalimu wangu wa kwanza na karibu wa mwisho.

Nyangau alikuwa na stoo kubwa ya chakula nyuma ya nyumba, yenye kufuli. Kando ya jiko alikuwa na makopo sita tu. Kila asubuhi alisoma karatasi ya memsahibu ya chakula cha siku hiyo, ndipo akayajaza makopo. Siku ya wageni, kopo la unga lilirudi stoo, na mahali pake pakakaa zabibu kavu. Nilimwuliza kwa nini asichote tu kitu kinapotakikana.

"Ukikimbilia stoo kila mara, mchuzi unaungua ukiwa njiani," alisema. "Na usidanganywe na kopo. Kopo likisema sukari iko na stoo iseme imekwisha, wewe amini stoo."

Niliona ni maneno ya mpishi. Nikaendelea kuchanja kuni.

Uhuru ulipokuja mzungu aliuza akaenda. Shamba likagawanywa, watu wetu wakapewa vipande vyao wakapanda mahindi na majani chai, na nyumba kubwa ikachukuliwa na misheni ikawa hospitali. Ilikuwa ndogo wakati huo, vitanda kumi na viwili na daktari mmoja. Waliuliza nani anaijua nyumba hii. Nikasema mimi. Waliuliza nani anajua kusoma na kuandika. Nikasema mimi, na mwandiko wangu nikauonyesha hapohapo juu ya mfuko wa sukari. Mpaka leo hamna mwandiko kama huo katika hospitali hii, hata wa daktari, hasa wa daktari.

Siku yangu ya kwanza nilipewa magunia mawili ya karatasi na nyumba ya mawe ya kupozea maziwa, ile iliyo juu ya kilima, nyuma ya wodi ya wazazi. Mnaijua. Wakati huo bado ilinuka siagi. Humo ndimo nilimopanga faili, kila mgonjwa na faili yake, kila kilichompata kimeandikwa kwa mfululizo. Kutoka dirisha la wagonjwa wa nje hadi mlango wa stoo ni hatua mia mbili na kumi na mbili za kupanda. Nilizihesabu siku hiyo, na nilikuwa na sababu ya kuzihesabu tena kila siku. Mvua yetu mnaijua pia. Saa nane mchana inaanza kufikiri, saa tisa inaanza kazi. Njia ile ikilowa, unapanda hatua mbili unarudi moja.

Basi mgonjwa alifika dirishani, akataja jina lake, mimi nikapanda, nikatafuta, nikashuka. Nikimaliza huyu, yule anayefuata ametaja lake. Watu walisubiri mpaka wengine wakapona kwenye benchi wakaenda nyumbani. Mwaka mzima nilifanya hivyo, nikawa na miguu ya mbuzi.

Siku moja nikiwa katikati ya kilima, matope magotini, nilikumbuka makopo ya Nyangau. Nilimwendea seremala nikamwagiza sanduku la mbao lenye nafasi ya kadi sitini, likae dirishani. Kadi ni mtoto wa faili. Unapanda stoo mara moja, unanakili mambo muhimu ya mgonjwa kwenye kadi, jina, umri, ugonjwa, dawa, unashuka nayo. Akirudi kesho, kadi iko karibu na mkono. Nesi anaandika juu ya kadi, haandiki kwenye faili. Jioni unapanda na kadi zilizoandikwa, unahamisha maneno mapya kwenye faili, na mama na mtoto wanakuwa sawa tena.

Mnaona ugumu uko wapi. Mimi wakati huo sikuuona. Sanduku ni dogo na watu ni wengi. Nani akae, nani atoke? Niliweka sheria rahisi, sanduku lijiendeshe lenyewe. Kadi iliyoguswa mwisho inakaa mbele. Sanduku likijaa, ya nyuma kabisa inatoka. Hakuna kufikiri. Nilijivunia sana, nikawaita watu waone. Mchungaji alikuja, akaangalia, akasema ni sanduku.

Lilifanya kazi vizuri miezi kadhaa. Kisha ikaja siku ya chanjo ya ndui. Shule nzima iliteremka na mwalimu wao mbele, kila mtoto na jina lake, na mimi kwa bidii yangu nikamwandikia kila mmoja kadi. Kila kadi mpya ilikaa mbele, kila ya zamani ikasukumwa nyuma ikatoka. Ilipofika saa sita, sanduku lilikuwa na watoto sitini ambao hawangerudi hospitali mpaka waumwe na kitu kingine, na watu wangu wa kifua kikuu, wanaokuja kuchomwa sindano kila siku ya Mungu, kadi zao zote zilikuwa juu ya kilima. Walikuwa kwenye benchi, wanakohoa, wananitazama. Nilipanda mara kumi na nane siku hiyo.

Aliyeniona ni Sista Kemunto, mkubwa wa manesi. Binti wa Keumbu, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia aipaze. Alisimama dirishani nikiwa nafuta matope.

"Bwana Nyakundi, sanduku lako lina akili ya mlango," alisema. "Anayeingia anaingia."

Nikamweleza sheria yangu. Akaisikiliza yote.

"Sheria yako inajua nani alikuja jana," akasema. "Mimi ninajua nani anakuja kesho. Mbona huniulizi?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliketi nikabuni mpango ambao mnautumia hadi leo. Sista, ambaye ndiye anayejua kazi ya wodi na ya kliniki, anaandika karatasi ndogo za amri, na sanduku linafuata karatasi badala ya kufuata mazoea yake. Amri ni nne. LETA ina maana panda leo, nakili kadi za watu wa kesho kabla hawajaitwa. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito ya Alhamisi, kadi zao zinashuka Jumatano asubuhi, kabla ya mvua. SHIKA ina maana kadi hii isitoke hata sanduku lifurike, nayo ni ya watu wa kifua kikuu. PITISHA ina maana huyu ni wa mara moja, mwandike kwenye orodha, usimpe kadi, asiwasukume wenzake. Shule yote ya chanjo tangu hapo ikawa PITISHA, na sanduku halikuhisi kitu. Ya nne ni RUDISHA. Kadi hii imeandikwa jambo zito, usingoje zamu ya kawaida, peleka neno lake kwenye faili sasa.

Karatasi zilichomekwa kwenye msumari kando ya dirisha. Nikishatekeleza amri, Sista alipita na penseli yake iliyofungwa uzi kwenye sanduku, akaweka tiki na tarehe. Karatasi isiyo na tiki haikuondoka msumarini. Hiyo tiki ilinikera mwanzoni. Mtu mzima kuwekewa tiki.

Watu walikuja kutuona kutoka hospitali nyingine. Benchi lilikuwa likiisha watu saa sita. Nilianza kuvaa tai.

Sasa kadi ya Moraa.

Moraa alikuwa na mume wake kwenye kipande chao upande wa Nyansiongo, mahindi na ng'ombe wawili, na mtoto mmoja wa kiume, Onchari, aliyekuwa shule ya bweni. Ijumaa moja alikuja peke yake kwa miguu, amejikata na jembe, kidonda kimevimba. Akachomwa penisilini kama kila mtu. Kabla hajatoka mlangoni uso ulifura, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Daktari alimchoma dawa ya kumrudisha, akarudi. Wakamlaza mpaka jioni wakimtazama, kisha wakamruhusu aende na dawa ya kidonda. Sista Kemunto alichukua kadi yake akaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI. Akaja nayo dirishani mwenyewe pamoja na karatasi ya amri. Hakuichomeka msumarini. Alinipa mkononi.

"RUDISHA," alisema. "Hii isilale hapa."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Yeye akaenda mazoezi ya kwaya.

Ninyi mnaijua Ijumaa ya hospitali yetu. Jua likizama ni Sabato, na kwa kazi ya kalamu Sabato ni mlango uliofungwa. Wagonjwa wanatunzwa, hilo ni jema hata Sabato, lakini kunakili karatasi si kutunza. Dirisha langu lilifungwa Ijumaa jioni likafunguliwa Jumapili asubuhi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na pahali pengine popote hapana. Ufunguo wa stoo ya juu ulining'inia wodini, ili yeyote wa zamu apate faili. Nilipanga hivyo mwenyewe. Faili ndiyo ya kweli, wacha faili ipatikane.

Siku hiyo mvua ilianza mapema na jua halikuonekana tangu saa tisa. Mpiga kengele wa kanisa aliangalia mbingu, akaona giza, akapiga. Mimi nilikuwa na saa ya mkono, ya kwanza katika kijiji chetu. Niliitazama. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Jua lilikuwa na nusu saa na zaidi, kama lingeonekana. Kilima kilikuwa kinatiririka. Watu walikuwa wameshaanza kuingia kanisani, na mimi nilikuwa shemasi, kiti cha mbele, upande wa dirisha. Shemasi anayeonekana akishuka kilima na karatasi baada ya kengele, hata kengele ikiwa imekosea, ataeleza watu wangapi?

Nilitia kadi ya Moraa sandukuni. Amri ya Sista niliitia mfuko wa koti la kanisani, ili Jumapili nisiisahau. Nikafunga. Nilifika wa pili.

Jumamosi asubuhi Moraa aliletwa na mume wake juu ya mkokoteni, homa kali, hasemi la maana. Aliyekuwa zamuni, watu wa jana wakiwa kanisani, ni msaidizi wa daktari, kijana kutoka pwani, mwema, hajui Kigusii hata salamu. Alifanya kila jambo sawasawa. Alichukua ufunguo wa wodini, akapanda, akaitoa faili, akaisoma mpaka mwisho. Faili ilisema Moraa ni mzima, hana dawa inayomdhuru. Akaandika penisilini. Moraa alisukuma sindano kwa mkono akisema hataki. Lakini kwetu, nani amewahi kuitaka?

Walikuja kumwita Sista kanisani katikati ya mahubiri. Alipita mbele yangu akikimbia, na viatu vya kanisani mkononi. Sisi tulibaki tukiomba. Moraa alikuwa ameacha kupumua. Kemunto alimpumulia kwa mdomo wake, akamchoma ile dawa ya kurudisha mara mbili, akampumulia tena. Alirudi. Alilala kitandani majuma matatu, na mkono wa kushoto mpaka leo unatetemeka akishika kikombe.

Kamati ya hospitali ilikaa Jumatatu. Sanduku lilifunguliwa mbele yao, kadi ikatoka na maneno yake mekundu, yanasomeka hata kutoka mlangoni. Swali likawa moja. Je, amri ya kulipeleka neno hili stoo ilitolewa au haikutolewa? Wakaangalia msumarini. Hakuna karatasi.

"Bwana Nyakundi, uliiona amri ya RUDISHA?"

"Sikuiona."

"Una hakika?"

Nikasema mimi ni shemasi.

Sista Kemunto alisema alinipa mkononi. Wakamwuliza nani alimwona akinipa. Hakuna, wote walikuwa wakikimbia mvua. Wakamwuliza kwa nini hakuichomeka msumarini kama utaratibu unavyosema. Akasema aliona ni jambo zito mno kuachiwa msumari. Alinitazama kidogo, jinsi unavyotazama kadi ambayo jina ni la mtu unayemjua na mambo mengine si yake.

Mwezi haukuisha akahamishiwa zahanati ndogo upande wa Ogembo, chumba kimoja na nusu. Aliondoka na sanduku la bati kichwani mwa mpagazi. Penseli aliiacha. Ile mnayotumia leo si ileile, lakini uzi ni uleule.

Nilifanya mambo makubwa baada yake, msije mkafikiri nililala. Niliweka sheria kwamba kengele ikilia na kuna karatasi isiyo na tiki, dirisha halifungwi. Mchungaji hakupenda. Nikamwuliza, ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato, atamtoa au atamwimbia? Akasema ng'ombe ni tofauti. Nikasema ni kweli, ng'ombe hana faili. Sheria ikapita. Niliweka pia kwamba kadi yenye wino mwekundu haikai sandukuni hata saa moja kabla faili haijapata neno lilelile, na kwamba ufunguo wa dirisha uning'inie wodini kando ya mwenzake. Tangu hapo hakuna mtu aliyedhurika kwa kadi na faili kusema mambo mawili. Hilo nalitaja kwa sauti, na yeyote anayepinga alete jina.

Karatasi yenyewe ilitoka mfuko wa koti ikaingia katika Biblia yangu, kitabu cha Hesabu, mahali ambapo hakuna mtu anayefika kwa bahati.

Miaka ikapita. Hospitali ikawa na vitanda themanini. Siku moja, baadhi yenu mlikuwa mmeshaajiriwa, Moraa alikuja kupimwa presha. Alikuwa anakuja kila mwezi, ananisalimu, namsalimu, ninampa namba. Siku hiyo alifuatana na mwanawe. Onchari alikuwa amekuwa bwana wa Nairobi, suti ya kaki, miwani. Alifanya kazi na mashine ya kompyuta katika ofisi moja kubwa, mashine inayojaza chumba na kutunzwa kwa upepo wa baridi kuliko wagonjwa wetu. Kazi yake ilikuwa kuiandikia amri, ambazo wao wanaziita programu. Mama alikuwa ndani, yeye aliketi kwenye benchi mbele ya dirisha, akatazama sanduku likifanya kazi. Alitazama saa nzima. Kisha akasimama.

"Tata," akaniita, yaani baba kwa Kigusii, "hili nani alikufundisha?"

Nikamwambia nililibuni mwenyewe.

Akacheka kwa furaha, akanieleza. Kompyuta ina kumbukumbu kubwa, iko mbali na inatoa polepole. Kwa hiyo watu wa mashine kubwa za ng'ambo wameweka kumbukumbu nyingine ndogo, karibu kabisa na pale hesabu inapofanywa. Ndogo lakini haraka. Inashika nakala za vitu vinavyotumika sasa. Nikamwuliza nani anachagua cha kushika. Akasema mashine nyingi zinachagua zenyewe, kwa nyaya. Kilichoguswa mwisho kinakaa, cha zamani kinatoka, na mwenye kuandika programu haulizwi.

"Mpaka siku ya chanjo," nikasema, nikamsimulia habari ya shule.

Alikaa chini tena akaandika kwenye kidaftari. Alisema hiyo ndiyo hoja wanayobishania wenzake. Wako wanaosema mwandishi wa programu apewe maneno ya kuiambia ile kumbukumbu ndogo: leta hiki mapema, shikilia hiki, hiki kipite tu, hiki kirudishe kwenye kubwa sasa hivi. Kwa sababu yeye ndiye anayejua kazi inakwenda wapi. Nyaya zinajua jana tu.

Nilihisi kichwa changu kikigusa dari. Darasa la nne, na watu wa ng'ambo bado wanabishana. Nikamwuliza kama hayo maneno yana ubaya wowote, maana mimi sikuuona.

"Ubaya upo," alisema. "Mashine ikijiendesha, ikikosa, inachelewa tu. Lakini ukishampa mtu amri, anaweza kusahau kuitoa. Hapo kumbukumbu mbili zinasema mambo mawili, na anayesoma ile kubwa anapotea. Ikitokea hivyo, sisi tunatafuta jambo moja la kwanza. Je, neno la kurudisha lilikuwa ndani ya programu au halikuwemo?"

"Na kama lilikuwemo?"

"Likiwemo mashine inatii. Haina pa kukataa." Akafunga kidaftari, akashusha sauti. "Tata Nyakundi, mama aliniambia kadi yake ilikuwa ndani ya sanduku hili. Neno lilisemwa au halikusemwa?"

Niliandika kadi mbili. Mwandiko wake haukuwa mzuri, zimo stoo, mtaziona. Nikasema, "Lilisemwa."

Moraa alikuwa ametoka ndani, amesimama nyuma ya mwanawe akifunga leso.

"Onchari, wacha mzee wa watu," alisema. "Mimi ninajua tangu siku ile. Sista aliniambia Ijumaa nikiondoka, alipokuwa akienda kwaya. Aliniambia, usihofu, nimempa Nyakundi mkononi."

Nikamwuliza, basi kwa nini hakusema wakati ule, miaka yote hii ananisalimu?

"Nani aliniuliza? Kamati iliita wenye karatasi. Mimi nilikuwa kitandani." Alichukua namba yake ya mwezi ujao kwa mkono ule unaotetemeka. "Na wewe mwenyewe ulikuwa unajua. Nilifikiri unatafuta siku."

Jumapili iliyofuata nilivaa lile koti, nikaenda Ogembo. Zahanati ilikuwa palepale kando ya soko, chumba kimoja na nusu, mbele ndizi zinauzwa. Dirishani kulikuwa na sanduku. La kadi thelathini tu, lakini kando yake msumari, na juu ya msumari karatasi, zote zina tiki. Penseli zilikuwa mbili.

Sista Kemunto alikuwa na mvi. Hakushangaa kuniona. Alimaliza mgonjwa wake, akanawa mikono, akaulizia watu wa nyumbani. Nikasema wazima. Nikaifungua Biblia kwenye kitabu cha Hesabu nikampa karatasi. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Nyansiongo, mengi, mazuri, na yote yalikuwa yamebaki ndani ya basi.

Aliisoma ingawa aliiandika yeye. Akachukua penseli, akaweka tiki pembeni, akaandika tarehe ya siku hiyo. Akanirudishia.

"Kaiweke kwenye faili ya Moraa," alisema. "Si ya kwangu hii."

"Niiambie kamati?"

"Kamati ile wamebaki wawili. Waambie wote wawili."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, naye akaniletea chakula.

Niliwaambia wote wawili. Mmoja alilia, mwingine alisema hakumbuki. Barua iliandikwa kwenda Ogembo ya kumrudisha Sista kwenye nafasi yake. Alijibu kwa mistari miwili. Alishukuru, na akasema pale alipo kazi haijaisha. Ushemasi niliuacha mwenyewe, kabla hawajapata nafasi ya kuufikiria.

Na sasa nimefika mahali pa kusahihisha. Huko juu nimeandika kwamba niliketi nikabuni mpango wa amri nne. Sanduku ni langu, hilo silitoi kwa mtu, na Nyangau akiwa hai angeniunga mkono au asingeniunga. Lakini amri nne, na msumari, na tiki, ni za Kemunto. Alizileta siku ya tatu zimeshaandikwa, na mimi nikazinakili kwa mwandiko mzuri. Nimeandika kwa wino, siwezi kufuta, na kurasa zimekwisha. Someni maneno haya ya chini, yale ya juu myapitishe.

Siku yangu ya mwisho, baada ya chai yenu na mkate, mliniuliza ninapanda wapi na mvua inakuja. Nilikuwa napeleka hiyo karatasi. Nilikuwa nimekaa nayo tena miezi kadhaa baada ya tiki, na hilo pia mliandike. Iko ndani ya faili ya Moraa, ukurasa wa Ijumaa ile, imebandikwa kwa gundi. Ina tarehe ya amri juu na tarehe ya tiki chini, na kati yao ni miaka kumi na moja. Mgeni akija kutazama sanduku, akiwaambia amesikia Nyakundi hakuwahi kuchelewesha amri hata moja, msimpinge kwa mdomo. Mpeni ufunguo wa stoo, apande akasome. Hatua ni mia mbili na kumi na mbili.